Mtu wa Mkiani

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya lori. Si lori la kubeba mahindi wala mchanga, bali lori dogo linaloweza kukaa juu ya meza, ambalo sisi watano tumekuwa tukilitengeneza kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Pengine mtu atasema, "Hivi watu wazima nao wanachezea vigari?" Ndiyo, ndugu yetu, tunachezea. Lakini sikiliza kwanza, ndipo ucheke.

Kila aliyekulia hapa kwetu anavijua vigari vya waya. Mtoto huokota waya, akaukunja kwa mikono na meno, akakata magurudumu kutoka kandambili kuukuu, akafunga kijiti kirefu cha usukani, na safari ikaanza. Mtoto huyo hahitaji rula. Kigari chake ni lori kwa sababu yeye mwenyewe amesema ni lori. Kazi yetu sisi inafanana na ile, ila ina sheria moja ngumu: kila kitu lazima kipunguzwe kwa kiasi kimoja. Tumechagua moja kwa ishirini na nne. Mtu wa urefu wa mita 1 na sentimita 70 anakuwa milimita 71. Bolti yenye kichwa cha milimita 24 inakuwa milimita 1, yaani kama mbegu ya wimbi, na lori lina bolti nyingi. Hakuna ruhusa ya kusema, "Hii tutaiongeza kidogo ili ipendeze."

Sasa ni lori gani? Huko Uingereza, katika mji wa Watford karibu na London, palikuwa na kiwanda cha malori kilichoitwa Scammell. Kilifungwa mwaka 1988. Mapema katika miaka ya 1920 watu hao walianza kuuza lori la namna mpya: kichwa peke yake, na trela lake limeegemeza sehemu ya mbele juu ya mgongo wa kichwa hicho. Leo namna hiyo si ajabu. Simama kando ya barabara ya kwenda Malaba utayaona mpaka uchoke kuhesabu. Lakini mwaka 1929 kiwanda hicho kilitengeneza la kuchukua tani 100. Tani mia moja, ndugu msikilizaji, katika siku ambazo lori la kawaida lilibeba tani chache tu. Na ya namna hiyo yalitengenezwa mawili, basi. Moja lilikuwa na namba KD 9168, likafanya kazi na kampuni ya Marston Road Services ya Liverpool. La pili baadaye lilijulikana kwa namba BLH 21.

Utauliza, mzigo wa tani mia moja ulitoka wapi? Kazi kubwa ya lile la Liverpool ilikuwa kupeleka injini za garimoshi bandarini. Jambo hili mwanzoni lilituchekesha: injini ya garimoshi kupanda juu ya lori! Kwa nini isitembee yenyewe juu ya reli? Jibu wanalo wale waliowahi kufika Nairobi Railway Museum na kuziona injini zetu za zamani za mvuke. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita 1 kamili. Reli ya Uingereza ina milimita 1,435, upana uleule wa SGR yetu iliyofunguliwa mwaka 1967 ukiongeza miaka hamsini, yaani 2017. Reli kubwa ya Bara Hindi ina milimita 1,676. Basi injini iliyotengenezwa Uingereza kwa ajili ya Bara Hindi, au kwa ajili ya nchi yenye reli ya mita moja, haikuwa na reli ya kutembelea katika nchi ilikozaliwa. Zile kubwa zetu za miaka ya 1950 nazo zilitengenezwa Manchester, na Beyer Peacock, miaka mingi baada ya lori letu kuanza kazi, lakini shida ilikuwa ileile. Ilizaliwa ikiwa mgeni, na mtu alipaswa kuibeba mpaka melini.

Lori lenyewe lilikwenda polepole, kama mtu atembeaye kwa haraka. Matairi yake yalikuwa mpira mtupu, hayakujazwa upepo. Nguvu ya injini ilifika kwenye magurudumu kwa minyororo, kama ya baiskeli lakini minene. Kwanza liliendeshwa kwa petroli, halafu baadaye likawekewa injini ya dizeli ya Gardner. Na nyuma kabisa, mkiani mwa trela, palikuwa na usukani wa pili, na mtu wa pili wa kuushika.

Tunaomba mkae kidogo na mtu huyo. Dereva wa mbele aliiona njia. Huyu wa nyuma, mbele ya macho yake palikuwa na injini ya garimoshi iliyomzibia kila kitu. Trela refu namna ile likikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Hupenda kupita njia ya mkato. Kama mji ni wa barabara nyembamba, njia hiyo ya mkato ni kibaraza cha duka la mtu, au ni mguu wa mtu. Kwa hiyo yule wa mkiani aliyageuza magurudumu ya nyuma ili mkia uende nje kidogo, ukapita salama. Picha za zamani mara nyingi zimepigwa kutoka mbele, ili boneti na jina la kampuni vionekane vizuri. Yeye hayumo, au ni kofia tu.

Basi tunajengaje kitu ambacho hatujakigusa? Kwa picha, na kwa subira. Katika picha moja nyuma ya lori pana ukuta wa matofali. Mwalimu wetu, ambaye alifundisha hesabu mpaka alipostaafu, aliuona ukuta huo kabla ya kuliona lori. Tofali la Uingereza pamoja na saruji yake ya kuunganishia huinuka karibu sentimita 7 na nusu. Hesabu matofali kutoka chini hadi juu ya paa la lori, utapata kimo chake. Lakini ngoja: lori liko karibu na kamera kuliko ukuta, kwa hiyo linaonekana kubwa kuliko haki yake, na lazima upunguze. Punguza kiasi gani? Tazama magurudumu mawili yaliyo sawa, moja la karibu na moja la mbali, uone picha imelidhulumu lile la mbali kwa kiasi gani. Jumamosi mbili zilikwisha katika hesabu hiyo, na fundi wetu wa kulehemu akalalamika kwamba alikuja kutengeneza lori si kufanya mtihani.

Rangi nayo ni kesi nyingine. Picha za siku zile ni nyeusi na nyeupe, na filamu nyingi za zamani hazikuiona rangi nyekundu kabisa. Kitu chekundu kilitoka cheusi, cha buluu kikatoka cheupe. Kwa hiyo mtu akikuonyesha picha ya mwaka 1929 na kusema, "Unaona, lilikuwa jeusi," mwambie atulie. Viwanda vya injini za garimoshi vilikuwa na desturi ya kupaka mashine mpya rangi ya kijivu siku ya picha, ili kila kipande kionekane. Sisi tumechukua kijivu hicho. Na tumeipaka nyembamba sana, maana rangi haina kipimo: tabaka la sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye mfano wetu ni sawa na kulipaka lori lenyewe rangi ya unene wa milimita 2 na zaidi, kama mtu aliyepaka mkate siagi.

Vifaa vyetu si vya ajabu. Fremu ni bati la mikebe lililokunjwa na kulehemiwa, boneti ni mti wa mjakaranda, matairi ni kandambili kama ya wale watoto wa vigari vya waya, ila hizi zimesuguliwa kwa msasa mpaka zikawa duara kweli. Mnyororo ndio uliotutesa. Kijana mmoja alileta mnyororo wa baiskeli, amefurahi sana. Mwalimu akaupima: kutoka pini hadi pini, milimita 12.7. Zidisha kwa 24, ni zaidi ya sentimita 30 kwa pingili moja. Mnyororo huo ungefaa kuburuta meli. Sasa tunakata pingili moja moja kutoka bati, tunazitoboa kwa sindano ya cherehani na kuzifunga kwa waya mwembamba wa umeme. Pingili kumi kwa Jumamosi moja ni kazi nzuri.

Tulitaka pia kujua kama litabeba mzigo wake. Urefu ukigawanywa kwa 24, uzito hugawanywa kwa 24 mara tatu, yaani kwa 13,824. Tani mia moja zinakuwa kilo 7 na kitu. Tuliweka juu yake ndoo yenye lita 7 za maji, nalo halikutikisika, na vijana wakapiga makofi. Mwalimu akawanyamazisha. Alisema kitu kidogo daima huonekana hodari kuliko kikubwa, ndiyo maana siafu hubeba kilichomzidi mwili. Ili fremu yetu iumie kama ilivyoumia ile ya Scammell, tungepaswa kuweka kilo 174, karibu magunia mawili ya mahindi. Hatukuthubutu. Lakini tangu siku hiyo tunawaheshimu zaidi wale waliochora lile la kweli, kwa penseli na karatasi.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe lililotufanya tuombe nafasi hii leo.

Miezi michache iliyopita alikuja mtu mmoja mwenye malori yake, mtu mwungwana, hatutamtaja. Aliuona mfano wetu, akaupenda, akasema atatoa shilingi 60,000 ili auweke ofisini mwake ndani ya sanduku la kioo. Alikuwa na mambo matatu. Upakwe rangi nyekundu ya kung'aa. Uwe tayari kabla ya Krismasi. Na ule usukani wa nyuma uondolewe, maana unaharibu umbo la gari, na wageni wake watauliza maswali. "Hakuna atakayejua," akasema.

Rangi nyekundu tungeweza kuizungumzia. Krismasi tungeweza kuikimbilia, kwani kilichobaki kilikuwa minyororo na huo mkia tu, na mkia ndio ulio na kazi kubwa kuliko yote: vyuma vidogo vya kuvuta magurudumu huku na huku, tena chini ya fremu, mahali pasipoonekana. Kuuondoa kungetuokoa miezi miwili. Na fedha hizo tulikuwa na haja nazo. Mmoja wa vijana wetu alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ufundi, karo haikuwepo, na sisi sote tulikuwa tumemwahidi kusaidia. Si jambo la mzaha.

Mzee wetu ndiye aliyekataa. Kabla ya kustaafu alikuwa tanboi katika barabara ya Nairobi kwenda mpaka wa Uganda, miaka kumi na tisa. Ninyi mnaoijua kazi hiyo mnajua. Lori lililolemewa likianza kushindwa na mlima, dereva yuko kwenye kiti. Tanboi yuko chini, anakimbia nyuma ya gurudumu na gogo mkononi, ili likirudi nyuma alikinge. Huwezi kuliweka gogo ukiwa mbali.

Akasema, "Lori likipigwa picha, dereva husimama mlangoni ameshika kioo. Mimi niko wapi? Niko chini nafunga kamba. Nyumbani kwangu hakuna picha hata moja ya kazi yangu. Watoto wangu wakiulizwa baba yenu alifanya nini, husema alikuwa kwa malori. Mkimwondoa huyu wa nyuma, mwondoeni na dereva, gari lijiendeshe."

Yule kijana wa chuo alikuwa amekaa karibu naye. Anamheshimu mzee huyu kuliko sisi wote, lakini alijibu, kwa sauti ya chini: "Babu, nisamehe. Karo yangu haitalipwa na mtu wa mbao."

Chumba kikawa kimya. Tungewalaumu wote wawili? Mzee alisema kweli na kijana alisema kweli. Ni rahisi kuhubiri juu ya uaminifu wakati karo ni ya mtoto wa mwenzako. Fundi wetu alisema wazi kwamba yeye yuko upande wa karo, kwa sababu mfano wa lori ni sanamu tu, na mtu halali kwa sanamu.

Ni mwalimu aliyesimama na kuchukua chaki. Alichora sakafuni kona ya barabara kwa kipimo chetu: njia ya mita 6, yaani sentimita 25, nyumba kila upande. Akaweka vibiriti viwe maduka. Halafu akamwambia kijana, "Funga magurudumu ya nyuma kwa waya yasigeuke. Sukuma." Kijana akasukuma. Kichwa kilipita vizuri. Mkia ukapanda juu ya vibiriti vitatu. Akarudi nyuma, akajaribu kwa upana zaidi, kichwa kikagonga duka la upande wa pili. Mara ya tatu aliondoa waya, akaweka kidole chake nyuma na kuyageuza magurudumu mwenyewe huku mwenzake akisukuma mbele. Wakapita. Ilibidi waongee wakati wote: "Bado. Sasa. Rudisha." Hakuna kibiriti kilichoanguka.

Mwalimu hakueleza kitu. Kijana alikaa amechuchumaa pale sakafuni muda mrefu, akirudia kona ile. Kisha akasema kwamba gari bila mkia halijawahi kufika bandarini, kwa hiyo hatujui tutakuwa tumemuuzia yule bwana kitu gani. Ni yeye mwenyewe aliyempigia simu. Alimweleza kwa adabu kwamba lori litakuwa na usukani wake wa nyuma na mtu wake, na kwamba halitakuwa tayari Krismasi. Yule bwana naye hakukasirika. Alisema atafikiri. Mpaka leo anafikiri.

Na karo? Hatutawadanganya. Haikupatikana kwa wakati, na muhula ule ukampita. Fundi wetu, yule aliyekuwa upande wa karo, amemchukua katika karakana yake siku za kazi, anamlipa kila Ijumaa, na sisi wengine tunaweka kidogo kidogo katika mkebe. Chuo kimekubali kumpokea katika muhula ujao. Kuna wanaosema tulikuwa wajinga. Mama wa kijana huyo alikuwa mmoja wao, naye alikuja kutuambia usoni, na tulimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ana haki ya kusema.

Kazi yenyewe inaendelea. Vyuma vya kugeuza magurudumu ya nyuma vimekwisha. Ukiushika usukani ule mdogo kwa kucha mbili, wenye upana wa milimita 20, ukauzungusha, magurudumu ya mkiani yanageuka kweli. Kijana ndiye aliyeutengeneza, na kila anayefika huanza kuushika huo kabla ya kutazama boneti. Mnyororo wa upande wa kushoto umekamilika, wa kulia umefika nusu.

Mzee amejipa kazi ya kuchonga watu. Dereva alimmaliza kwa alasiri moja. Huyu wa nyuma amemshinda. Kichwa chake ni milimita 9 tu, na macho ya mzee si yale ya zamani, kwa hiyo huchonga akiwa nje kwenye jua, ubao ukiwa karibu na pua. Amekwisha kuchonga wawili akawatupa. Sisi tuliwaona wazuri. Yeye alisema hapana, wote wawili walikuwa wanatazama mbele kama madereva, na mtu wa mkiani hutazama gurudumu. Jumamosi ijayo ataanza wa tatu.